Meya Chini ya Jeshi: Naha ya Toma na Naha ya Senaga

Mwanzoni mwa mwaka 1957 wakazi wa Naha, mji mkubwa kuliko yote katika kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani, walipanga foleni kwenye ofisi za manispaa ili kulipa kodi. Hakuna askari aliyewafuata nyumbani, wala hawakuwa wametishiwa kupigiwa mnada vyombo vyao. Walikuja kwa hiari, kwa sababu meya waliyemchagua muda mfupi kabla alikuwa amebanwa kila upande. Benki iliyotunza fedha za mji ilikuwa imezizuia, ruzuku na mikopo ya ujenzi ilikuwa imesitishwa, na maji yaliyotegemea mitambo iliyo chini ya utawala wa kijeshi yalikuwa yamekatwa. Kabla ya meya huyo kuingia, manispaa ilikuwa ikikusanya karibu asilimia 77 ya kodi iliyokuwa ikidai. Katika kilele cha mvutano ilifika asilimia 97. Aliyewahi kufanya kazi ya mapato katika halmashauri yoyote anajua kiwango hicho kina maana gani.

Jeshi lenyewe lilikuwa la Marekani. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 12 kabla, na Japani bara ilikuwa imerudishiwa uhuru wake mwaka 1952, lakini Okinawa ilibaki mikononi mwa majenerali hadi mwaka 1972. Meya aliitwa Senaga Kamejiro, Senaga likiwa ndilo jina la ukoo. Alidumu ofisini chini ya mwaka mmoja. Aliyekuwa ameshika kiti hicho kabla yake, Toma Jugo, alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa: mwanasheria na jaji, aliyewahi kuwa meya wa Naha hata kabla ya vita, mtu wa kuzungumza na kupatana. Wamarekani walimpandisha cheo. Senaga walimng'oa.

Wengi wanaposimulia habari hii huimaliza kwa maneno mawili, kibaraka na mzalendo. Mgawanyo huo unaridhisha moyo, lakini hauelezi kazi yenyewe ya kuendesha mji ulio chini ya jeshi la kigeni, kazi ambayo lazima mtu aifanye, maana takataka hazisubiri mkataba wa amani. Kwa mwaka 1957 mimi naona hoja ya Senaga ndiyo nzito zaidi. Kwa mwaka 1945 nisingesema hivyo, na tofauti kati ya miaka hiyo miwili ndiyo ninayotaka kuipima, kwa sababu sioni kwamba kuinama mbele ya jeshi kuna thamani moja nyakati zote.

Wamarekani walitua Okinawa tarehe 1 Aprili 1945, na mapigano makubwa yakaisha mwishoni mwa Juni. Waliokufa, ukijumlisha pande zote, walizidi 200,000, na kwa kadirio linalotajwa mara nyingi Okinawa yenyewe ilipoteza mtu mmoja kati ya kila wanne. Naha ilikuwa imeshateketea hata kabla ya hapo: mashambulizi ya ndege ya tarehe 10 Oktoba 1944 yalichoma karibu asilimia 90 ya mji. Walionusurika karibu wote waliwekwa kambini. Fedha haikuwa na kazi hadi mwaka 1946. Chakula kiligawiwa, na aliyefanya kazi alilipwa chakula. Naha ilifungwa kwa raia. Kundi la kwanza kuruhusiwa kurudi, Novemba 1945, lilikuwa la wafinyanzi wapatao mia moja wa mtaa wa Tsuboya, kwa sababu tanuri zao zilikuwa zimesalimika na kisiwa kizima hakikuwa na sahani wala bakuli za kulia. Mji wa leo ulianza kuota upya kuzunguka wafinyanzi hao.

Tarehe 15 Agosti 1945, siku ileile mfalme wa Japani alipotangaza redioni kukubali kushindwa, jeshi liliwakusanya wawakilishi wa kambi mahali paitwapo Ishikawa. Siku chache baadaye likazaliwa baraza la ushauri lenye wajumbe 15, likiongozwa na mwalimu aitwaye Shikiya Koshin, ambaye Aprili 1946 akafanywa gavana wa raia. Mwezi Septemba mwaka huo wa 1945 ulifanyika uchaguzi wa mameya na madiwani kambini, na wanawake wakapiga kura, miezi kadhaa kabla wanawake wa Japani bara hawajapiga kura kwa mara ya kwanza Aprili 1946. Jambo hili watu hulisahau. Hata hivyo mipaka ilikuwa wazi. Ofisa mmoja wa utawala wa kijeshi aliwaeleza viongozi hao kwamba jeshi ni paka na Okinawa ni panya, na panya hucheza pale tu paka anaporuhusu.

Je, Shikiya alaumiwe kwa kukubali kazi chini ya maneno kama hayo? Mimi namtetea. Mtu anayegoma lazima awe na kitu cha kuzuia: nguvu kazi, kodi, mazao, saini. Shikiya hakuwa na chochote. Watu walikula kutoka ghala la jeshi, na kama yeye angegoma, wa kwanza kulala njaa wangekuwa wale aliodhani anawatetea. Alichoweza ni kuhakikisha mgao unafika, shule zinafunguliwa hata kama ni chini ya turubai, na orodha za watu na mali zinaandikwa upya.

Orodha hizo zilikuwa na uzito kuliko zinavyoonekana. Daftari za ardhi za Okinawa ziliungua vitani. Kuanzia mwaka 1946, kwa agizo la jeshi, kamati za vijiji zilianza kupita shamba kwa shamba kuuliza nani alilima wapi, mpaka wapi, nani shahidi. Ni kazi kavu, ya watu wanaoitwa na wengine vibaraka, wakiwa na kamba za kupimia na kumbukumbu za wazee. Mwaka 1951 vyeti vya umiliki vikatolewa. Miaka michache baadaye, jeshi lilipotaka mashamba kwa ajili ya kambi na viwanja vya ndege, mkulima wa Okinawa alikuwa na karatasi yenye jina lake. Bila hiyo angekuwa mtu anayelalamika tu kuwa hapa palikuwa kwetu. Anayewadharau watawala wa miaka ile ya njaa kwa sababu waliwainamia Wamarekani aikumbuke kazi hiyo.

Lakini utetezi huo una mwisho wake, na dalili zilianza mapema. Agosti 1948 jeshi lilitaka makuli zaidi katika bandari ya Naha. Halikuongeza ujira. Liliamuru maduka ya mgao yafungwe katika sehemu kubwa ya kisiwa hadi makuli wapatikane. Viongozi wa raia wakaenda kuomba, na amri ikaondolewa. Mwaka uliofuata bei ya chakula cha mgao ilipandishwa kwa kiwango ambacho wajumbe wa baraza walijiuzulu kwa pamoja. Shikiya hakuwa na la kufanya isipokuwa kupokea lawama. Pande zote mbili zilijifunza kitu hapo: jeshi lilijifunza kwamba chakula ni mjeledi, na wananchi walijifunza kwamba gavana wao hawezi kuuzuia.

Halafu ukaja mtihani wa kura. Mwaka 1950 jeshi liliruhusu magavana wa makundi ya visiwa wachaguliwe. Okinawa ilimchagua Taira Tatsuo, mtu wa wastani, wala si mwanaharakati. Senaga, aliyegombea pia, alikuwa wa tatu. Baada ya kuingia ofisini Taira alisema waziwazi kwamba Okinawa inapaswa kurudi Japani. Serikali mpya ya Ryukyu, yaani ya safu ya visiwa ambayo Okinawa ni sehemu yake, ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 1952, uchaguzi wa mkuu wake haukufanyika. Utawala wa Marekani ulimteua Higa Shuhei kuwa Mtendaji Mkuu, na kwa miaka 16 iliyofuata hakuna aliyeshika cheo hicho kwa kupigiwa kura na wananchi wote. Tangu hapo aliyekalia kiti cha juu cha raia alikuwa mwajiriwa wa jenerali, awe mwema au mbaya.

Katika sherehe ya uzinduzi huo kuna tukio ambalo bado linasimuliwa Okinawa. Wabunge waliochaguliwa walitakiwa kusimama na kula kiapo mbele ya maofisa wa Marekani. Senaga, aliyekuwa mbunge, alibaki ameketi. Wengine wakasimama, yeye akakaa. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: kanuni za Hague za mwaka 1907, ambazo Marekani imezitia saini, zinakataza kuwalazimisha wakazi wa eneo lililokaliwa kuapa utii kwa dola adui. Wamarekani walikuwa na jibu lao. Walisema Okinawa si eneo lililokaliwa tena, kwa kuwa kifungu cha 3 cha Mkataba wa San Francisco, mkataba wa amani kati ya Japani na waliomshinda, kiliipa Marekani mamlaka ya kutunga sheria, kuongoza na kuhukumu katika visiwa hivyo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Udhaifu wake ni kwamba watu wa Okinawa hawakuwa na kiti kwenye meza ya San Francisco.

Toma Jugo alikuwa meya wa Naha kuanzia mwaka 1953 hadi 1956, na ni lazima kusema wazi kwamba mji ulisonga mbele mikononi mwake. Mwaka 1954 mji wa kale wa Shuri na kijiji cha Oroku viliunganishwa na Naha. Barabara ya Kokusai, iliyopita mahali palipokuwa vichaka na mabwawa, ilijaa maduka na majumba ya sinema kiasi cha kuitwa Maili ya Muujiza. Fedha za ujenzi zilitegemea sana ridhaa ya Wamarekani, na Toma alijua jinsi ya kuipata. Ukimsoma kwa haki, msimamo wake ni huu: jeshi haliondoki kesho, kwa hiyo kila mwaka unaopita bila barabara, mfereji na shule ni mwaka uliopotea kwa mtoto aliyezaliwa leo. Anayekataa fedha kwa jina la heshima anakataa kwa niaba ya watu ambao hawajamwomba akatae.

Hiyo ni hoja nzito, na wanaomsifu Senaga mara nyingi huiruka. Mimi nayo inanipa shida. Kina mama wa Naha waliobeba maji kutoka mbali walikuwa na haki ya kuchoka na misimamo. Kama msimamo wa meya unaleta bomba kavu, meya anadaiwa maelezo.

Mahali Toma alipoteleza ni suala la ardhi. Juni 1956 ilitoka ripoti ya kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na mbunge Melvin Price, na ikapendekeza wenye mashamba yaliyochukuliwa na kambi walipwe kodi ya pango kwa mkupuo mmoja, ya miaka mingi mbele. Kwa mkulima, kupokea fedha hiyo kulikuwa sawa na kuuza shamba. Okinawa nzima iliwaka. Mikutano ilifanyika katika vijiji na miji mingi, na watu wa vyama vyote, wahafidhina kwa wanamageuzi, wakasimama upande mmoja. Katikati ya hali hiyo Toma akasema malipo ya mkupuo yanaweza kukubalika. Nadhani aliamini anachosema: kisiwa maskini, fedha nyingi kwa wakati mmoja, mtaji wa kuanzia maisha mapya. Lakini alikuwa anaongea kama mtu anayeona mji kutoka juu, na wenye mashamba walimsikia hivyo. Oktoba Higa Shuhei akafariki. Novemba Wamarekani wakamteua Toma kuwa Mtendaji Mkuu. Kiti cha meya kikabaki wazi.

Senaga alikuwa ametoka gerezani Aprili mwaka huohuo. Alikuwa amefungwa miaka miwili mwaka 1954 kwa kosa la kuwaficha wenzake wawili wa chama kutoka visiwa vya Amami. Amami ilirudishwa Japani mwishoni mwa mwaka 1953, na kwa amri ya jeshi wenyeji wake waliokuwa Okinawa wakageuka wageni kwa usiku mmoja, wengine wakatakiwa kuondoka. Alikuwa mwandishi wa habari, aliyewahi kuongoza gazeti, na kabla ya vita alifungwa pia na serikali ya Japani kwa siasa zake. Tarehe 25 Desemba 1956 alishinda umeya kwa kura zaidi ya 16,000. Ukweli unaostahili kutajwa ni kwamba hakupata nusu ya kura zote. Wapinzani wake wawili waligawana upande wa pili. Wengi wa wapiga kura wa Naha siku ile hawakumchagua.

Kwa hiyo waliompinga hawakuwa wote mawakala wa jeshi. Kulikuwa na mkandarasi mwenye vibarua wanaosubiri ujira, mfanyabiashara mwenye mkopo kwenye Benki ya Ryukyus (ambayo asilimia 51 ya hisa zake zilikuwa za utawala wa Marekani), na familia iliyoahidiwa kiwanja katika mpango mpya wa mitaa. Hao wote waliona mji unasimama. Na Wamarekani nao hawakuota ndoto mchana. Vita vya Korea vilikuwa vimekwisha miaka mitatu na nusu tu kabla, kambi za Okinawa zilikuwa muhimu katika vita vile, na chama cha Senaga, Chama cha Watu wa Okinawa, walikiona kuwa ni cha kikomunisti. Senaga wakati huo alikana. Mwaka 1973 alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Japani, na baadaye akawa makamu mwenyekiti wake. Hofu yao haikuwa ya kubuni.

Lakini hofu, hata ikiwa na msingi, haijibu swali la nini meya alifanya akiwa ofisini. Katika miezi yake kumi na mmoja Senaga aliendesha manispaa kwa sheria ambazo utawala wa Marekani wenyewe uliziidhinisha. Hakuvamia kambi, hakuchochea fujo. Alikusanya kodi na kuzitumia kwa kazi ambazo mji ungeweza kujilipia. Silaha aliyoitumia ilikuwa ile ambayo Shikiya hakuwa nayo: hazina iliyojazwa na wananchi wenyewe. Mwaka 1945 chakula kilitoka jeshini, na aliyeshika chakula alishika kila kitu. Mwaka 1957 watu walikuwa na ujira, maduka na fedha mkononi, na wakaamua fedha hiyo iende wapi. Ndiyo maana nasema kuinama kwa mwaka 1945 na kuinama kwa mwaka 1957 si tendo moja, hata kama mtu anayeinama ni yuleyule na anayeinamiwa ni yuleyule.

Kilichofuata katika baraza la madiwani kinastahili kusomwa polepole. Baraza lilikuwa na viti 30, na wengi walikuwa dhidi ya meya. Juni 1957 walipiga kura ya kutokuwa na imani naye, ikapita kwa kishindo. Sheria ilimpa meya haki ya kulivunja baraza na kuitisha uchaguzi mpya, naye akalivunja. Sheria hiyohiyo ilisema baraza jipya likitaka kumwondoa mara ya pili, akidi iwe theluthi mbili ya madiwani, yaani watu 20. Katika uchaguzi wa Agosti wafuasi wa Senaga walipata viti 12. Ni wachache, hawawezi kupitisha hata bajeti peke yao. Lakini 12 wakitoka ukumbini, wanabaki 18, na kikao hakina akidi.

Kwa miezi mitatu jeshi lilikwama kwenye hesabu hiyo. Luteni Jenerali James Moore, ambaye Julai mwaka huo alifanywa Kamishna Mkuu wa kwanza, cheo kilichoanzishwa kwa amri ya Rais Eisenhower, alikuwa na mamlaka ya kumfukuza mtumishi yeyote wa umma. Angeweza kumtimua Senaga kwa karatasi moja. Badala yake, Novemba 1957, alibadilisha sheria yenyewe: akidi ikashushwa, kura ya kutokuwa na imani ikatosha kwa wingi wa kawaida, na mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai kubwa akazuiwa kushika au kugombea cheo. Baraza likakutana, likapiga kura, na Senaga akatoka ofisini. Kifungo cha mwaka 1954 kikamfungia pia mlango wa kugombea tena.

Kwa nini Moore alizunguka hivyo? Nadhani ni kwa sababu Marekani ilikuwa inauambia ulimwengu kwamba inajenga demokrasia katika Pasifiki, na kumfukuza meya aliyechaguliwa kwa amri ya jenerali kungeonekana vibaya Tokyo, Manila na kwingineko. Alitaka madiwani wa Okinawa ndio waonekane wamemwondoa. Hapo naona faida kubwa ya miezi ile. Meya anayeomba na kupewa hulifanya jeshi lionekane mfadhili. Meya aliyefuata sheria hadi nukta ya mwisho alilifanya jeshi libadili sheria mchana kweupe, na kila aliyeweza kuhesabu hadi 20 alielewa.

Utetezi wa Toma unajibu: sawa, mmefichua, barabara iko wapi? Na kweli, katika mwaka wa Senaga mpango wa ujenzi wa mji ulidorora. Kodi ya asilimia 97 ya wakazi maskini haitoshi kujenga upya mji ulioteketea. Senaga hakuwa na jibu la muda mrefu kwa hilo, na sidhani kama angelipata hata angekaa miaka minne. Ugomvi wa aina yake unalipa pale tu ambapo kuna jambo kubwa la kushinda, na unatakiwa ushinde haraka, kwa sababu wananchi hawawezi kuishi kwenye foleni.

Uchaguzi wa kuziba nafasi yake ulifanyika Januari 1958. Wapinzani wa Senaga walimsimamisha Taira Tatsuo, yuleyule gavana aliyechaguliwa mwaka 1950 na kuondolewa njiani kwa kutaka Okinawa irudi Japani. Senaga akamuunga mkono Kaneshi Saichi. Kaneshi alishinda kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Jeshi lilikuwa limeshindwa mara mbili mfululizo katika mji mmoja, na mara ya pili mtu wake alikuwa mtu mwenye jina zuri. Ni kweli pia kwamba mwezi uliofuata Kaneshi aliongoza kuanzishwa kwa chama chake kipya, na ule umoja wa Januari ukaanza kupasuka. Ushindi ule haukuwa mali ya chama kimoja; ulikuwa wa watu waliokataa kuamuliwa.

Aprili 1958 Moore alitangaza kusimamisha malipo ya mkupuo. Mazungumzo yakafuata hadi Washington, na mwishoni mwa mwaka huo yakafikiwa makubaliano: kodi ya pango iongezwe na ilipwe mwaka hadi mwaka. Mtendaji Mkuu wakati huo alikuwa Toma. Wanaomtetea wanasema, kwa haki, kwamba makubaliano hayatiwi saini na umati. Lazima awepo mtu anayejua sheria, anayeaminika na upande wa pili, anayeweza kukaa siku nzima akibishania bei ya tsubo moja ya ardhi, kipimo cha Kijapani cha mita za mraba tatu na kidogo. Mimi sina sababu ya kumnyima sehemu yake. Ila najiuliza: mwaka 1956 Wamarekani walishikilia mkupuo, na Toma alikuwa tayari kuukubali. Mwaka 1958 wakaulegeza. Kati ya miaka hiyo miwili, kitu kikubwa kilichobadilika hakikuwa ustadi wa Toma mezani. Ilikuwa ni mikutano ya Juni 1956 na chaguzi mbili za Naha.

Kwa hiyo napima hivi. Shikiya na kamati za vijiji siwezi kuwaita vibaraka. Walifanya kazi ambayo isipofanywa watu hufa, na waliacha vyeti ambavyo wengine walivitumia kupigania. Senaga namlaumu kwa kutokuwa na mpango wa fedha zaidi ya uzalendo wa walipakodi, lakini nasimama naye kwa kukataa kuukabidhi umeya wakati wananchi walikuwa tayari kuulipia. Toma alitawala hadi mwaka 1959, na cheo chake kiliendelea kuwa cha kuteuliwa hadi Novemba 1968, alipochaguliwa mwalimu Yara Chobyo. Simlaumu kwa kukaa meza moja na majenerali, maana mtu fulani alilazimika kukaa. Namlaumu kwa sababu mwaka 1956 alisema mkupuo unakubalika kabla ya kuwauliza wenye mashamba, na wenye mashamba walikuwa hai, walikuwa jirani zake, na vyeti walikuwa navyo mkononi.